Walimchagua mara tatu ndipo akaapishwa: Julian Bond na swali la kiti ni cha nani

Julian Bond alifariki dunia Jumamosi, Agosti 15, 2015, huko Fort Walton Beach, Florida, akiwa na umri wa miaka 75. Rambirambi zilimiminika. Rais Barack Obama alimwita shujaa, tena rafiki. NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kilimkumbuka kama mwenyekiti wa bodi yake kuanzia 1998 hadi 2010. Southern Poverty Law Center, taasisi ya wanasheria inayoyaandama makundi ya kibaguzi hadi mahakamani, ilimkumbuka kama rais wake wa kwanza tangu 1971. Watazamaji wa televisheni waliikumbuka sauti yake, maana ndiye aliyesimulia mfululizo mashuhuri wa filamu kuhusu harakati za haki za raia. Na katikati ya sifa hizo, kwa mstari mmoja au miwili: aliwahi kuwa mjumbe wa bunge la jimbo la Georgia.

Aliwahi! Miaka ishirini, kuanzia Januari 1967 hadi mwanzoni mwa 1987, kwanza katika Baraza la Wawakilishi na baadaye katika Seneti ya jimbo, halafu inaandikwa kana kwamba alipita hapo akielekea kwingine. Naona waandishi wa tanzia walipindua uzito wa mambo. Uongozi wa taasisi kubwa kama NAACP wameushika wengi, na simulizi ya televisheni ingeweza kupata msimuliaji mwingine. Lakini kile kiti kimoja cha Atlanta, kilichokaa kitupu mwaka mzima kwa sababu ya maneno ya kijana wa miaka 25, kilizaa hukumu inayowalinda wawakilishi wa Marekani hadi leo. Na katika kiti hicho hicho ndimo yalimo mapungufu yake, ambayo msibani hatupendi kuyataja.

Msomaji wa huku kwetu anaweza kujiuliza bunge la jimbo lina ukubwa gani. Lina ukubwa kuliko linavyoonekana. Majimbo 50 ya Marekani kila moja lina bunge lake, na humo ndimo zinamotungwa sheria za jinai, za shule, za magereza, za ardhi na za uchaguzi. Humo pia, katika majimbo mengi, ndimo inamochorwa mipaka ya maeneo ya uchaguzi, hata ya wale wanaokwenda Congress kule Washington. Bunge la Georgia hukutana siku 40 tu za kikao kwa mwaka. Wajumbe wake wana kazi nyingine mjini au shambani, wakimaliza kikao wanarudi kwao. Kamera za dunia haziko pale. Kwa hiyo mjumbe wa jimbo akifa, kwa kawaida bendera hushushwa nusu mlingoti, azimio la pongezi husomwa, na mambo yanakwisha.

Bond alizaliwa Januari 14, 1940, Nashville, Tennessee, katika nyumba ya vitabu. Babu yake, James Bond, alizaliwa mtumwa Kentucky mwaka 1863. Julian alipenda kusimulia jinsi babu huyo, akiwa kijana, alivyotembea kwa miguu hadi Chuo cha Berea akiswaga fahali mmoja, na fahali huyo ndiye aliyekuwa ada yake. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mkuu wa kwanza mweusi wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo walikosoma Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah. W.E.B. Du Bois, mwanazuoni mashuhuri mweusi, alikuwa mgeni wa nyumba hiyo. Julian mwenyewe aliacha masomo ya Chuo cha Morehouse, Atlanta, mwaka 1961 kwa ajili ya harakati na hakuyamaliza hadi 1971. Lakini kabla ya kuacha alikuwa mmoja wa wanafunzi wachache waliofundishwa darasani na Martin Luther King.

Mwaka 1960 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa SNCC, kamati ya wanafunzi waliokaa kwa makusudi kwenye mikahawa ya Wazungu wakikataa kuondoka. Kazi yake ilikuwa habari. Aliandika taarifa kwa vyombo vya habari, alipiga simu kwa wahariri, alihakikisha kwamba mtu akipigwa Mississippi saa nne asubuhi, New York wanajua kabla ya magazeti kufungwa. Kazi ya mezani, isiyo na majeraha ya kuonyesha. Naitaja kwa sababu itarudi kumsumbua baadaye.

Kiti alichogombea kilikuwa kipya, na upya wake una historia. Kwa miongo mingi Georgia ilitumia mfumo wa kuhesabu ushindi kwa kaunti: kaunti ndogo ya mashambani yenye watu wachache ilikuwa na uzito uliozidi mno idadi ya watu wake ukilinganisha na Atlanta. Mahakama ya Juu ya Marekani iliubomoa mfumo huo mwaka 1963, na mwaka 1964 ikaamuru viti vya mabunge ya majimbo vigawanywe kwa idadi ya watu. Georgia ikalazimika kuchora upya ramani yake, na uchaguzi maalumu ukafanyika Juni 1965. Ghafla mitaa ya watu weusi ya Atlanta ikawa na viti vyake yenyewe. Bond aligombea eneo namba 136, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanataka nini, akaahidi kupigania kima cha chini cha mshahara, akashinda kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura.

Si kwamba Georgia haikuwahi kuwa na wajumbe weusi. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, mwaka 1868, walichaguliwa 33. Miezi michache baadaye wenzao Wazungu waliwafukuza karibu wote, hoja yao ikiwa kwamba Katiba ya jimbo inampa mtu mweusi haki ya kupiga kura lakini haisemi popote kwamba anaweza kushika madaraka. Ilibidi serikali ya Washington iingilie kati ndipo wakarudishwa mwaka 1870. Kwa hiyo bunge lililokutana Januari 1966 lilikuwa na uzoefu wa jambo lililokuwa linakaribia kutokea.

Januari 3, 1966, huko Tuskegee, Alabama, kijana Sammy Younge, mwanafunzi na askari mstaafu wa jeshi la majini, aliuawa kwa risasi baada ya ugomvi kwenye kituo cha mafuta kuhusu choo cha Wazungu. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko kupinga Vita vya Vietnam. Tamko lilisema kwamba serikali inayodai kulinda uhuru wa watu wa mbali imeshindwa kuulinda uhuru wa raia wake wenyewe, na kwamba SNCC inawaunga mkono vijana wanaokataa kuandikishwa jeshini. Bond hakuliandika tamko hilo. Mwandishi wa habari alimpigia simu akamwuliza kama analikubali. Akasema ndiyo.

Angeweza kusema hajalisoma vizuri. Angeweza kusema hayo ni ya SNCC, yeye sasa ni mjumbe mteule. Wanasiasa wa kila nchi wana majibu ya aina hiyo tayari mfukoni, na zilibaki siku nne tu kabla ya kiapo. Tena wakati huo kuipinga Vietnam hakukuwa na umaarufu wowote. King mwenyewe alikuwa hajaanza kampeni yake kubwa dhidi ya vita, na viongozi wengine weusi waliona kijana anawaharibia uhusiano na Rais Lyndon Johnson, aliyekuwa ametia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura miezi mitano tu nyuma.

Wajumbe 75 waliwasilisha pingamizi. Januari 10, Bond alipofika, karani alimzuia kula kiapo pamoja na wenzake. Jioni ile kamati ilikaa kumhoji. Walitaka hasa kujua kuhusu kadi za kuandikishwa jeshini: je, anawashauri vijana wazichome? Alijibu kwamba hajamshauri mtu yeyote achome kadi, kwamba yake anayo, lakini anaustahi ujasiri wa mtu anayetenda kwa imani yake akijua gharama yake. Jibu hilo lilikuwa makini kisheria. Kisiasa halikusaidia kitu. Baraza lilipiga kura: 184 wakataka asiapishwe, 12 wakataka aapishwe.

Hapa ndipo hoja ya wengi inapovutia, kwa sababu haikuwa hoja ya wajinga. Hawakusema tumemkataa kwa kuwa ni mweusi. Wajumbe wengine weusi waliapishwa siku ile ile. Walisema mjumbe anaapa kuitetea Katiba, na mtu anayewaunga mkono wanaokwepa jeshi hawezi kuapa kiapo hicho kwa moyo safi. Bunge, wakasema, lina haki ya kupima sifa za wajumbe wake. Na raia wa kawaida akiwa na uhuru wa kusema lolote, mjumbe anabanwa na kipimo cha juu zaidi.

Ukisikiliza haraka, unaweza kukubali. Nani hataki mbunge apimwe kwa kipimo cha juu? Lakini uliza nani anashika kipimo. Kama ni wajumbe wenzake, basi wengi wa leo wanaweza kuamua kiapo cha nani ni cha kweli na cha nani ni cha uongo, na mpigakura wa eneo namba 136 atakuwa amepanga foleni bure. Bond alipeleka shauri mahakamani, King akaungana naye katika kesi hiyo, na siku chache baadaye King akaongoza maandamano hadi jengo la bunge. Mahakama ya majaji watatu iliamua dhidi ya Bond, wawili kwa mmoja. Uchaguzi mdogo ukaitishwa Februari 1966 kujaza kiti kilichotangazwa wazi. Bond akagombea tena, hakuna aliyempinga, akashinda. Wakamkataa tena. Ikaja kura ya mchujo ya chama mwezi Septemba, akashinda, na uchaguzi mkuu wa Novemba, akashinda. Mara tatu watu wale wale wa mitaa ile ile walileta jina lile lile.

Mwaka huo huo, Kenya ilikuwa na swali linalofanana na hilo, na watu wa SNCC walimjua mhusika. Desemba 1963 Jaramogi Oginga Odinga alifika Atlanta, vijana wa SNCC wakaenda kumwona hotelini, wakamshangilia na kumtungia wimbo, kisha wakatoka moja kwa moja kwenda kukaa kwenye mkahawa uliokataa kuwahudumia. Mwaka uliofuata, ujumbe wa SNCC, Bond akiwa mmoja wao, ulisafiri hadi Guinea. Wawili kati yao, John Lewis na Don Harris, waliendelea hadi Nairobi ambako walikutana na Malcolm X. Sasa Aprili 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuiacha KANU, chama tawala, wabunge kadhaa wakamfuata kwenye chama kipya cha upinzani, KPU, na Katiba ikabadilishwa haraka ili mbunge anayehama chama arudi kwa wapigakura. Uchaguzi mdogo wa Juni ulihusu viti 29. KPU ikaambulia tisa.

Nairobi walisema mjumbe alichaguliwa kwa jina la chama, kwa hiyo akikiacha chama aende akaulizwe upya na wananchi. Kuna mantiki ndani yake, hata kama ilitungwa kwa mtu mmoja na uwanja wa mchezo haukuwa sawa. Atlanta walikwenda mbali zaidi: wananchi waliulizwa upya, wakajibu, na jibu lao likatupwa. Ni katika pengo hilo ndipo mtu anaweza kupima kama bunge linaamini kweli kwamba kiti ni cha wapigakura. Kenya ilimaliza mjadala kwa njia yake mwaka 1969, KPU ilipopigwa marufuku.

Desemba 5, 1966, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu. Majaji tisa, bila hata mmoja kupinga. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba kiapo cha mjumbe hakiwapi wenzake ruhusa ya kuchunguza ukweli wa moyo wake, na kwamba serikali ya uwakilishi inadai wawakilishi waachiwe nafasi pana kabisa ya kutoa maoni yao juu ya sera. Ile hoja ya kipimo cha juu zaidi waliigeuza: mjumbe ana wajibu wa kusema kuhusu mambo yenye utata ili waliomtuma wajue anasimama wapi, nao waamue kama wanamtaka. Kuna majaji waliomaliza maisha yao yote kazini bila kuandika aya yenye faida kwa umma kama hiyo.

Akaapishwa Januari 9, 1967. Kesho yake, Januari 10, bunge hilo hilo lilimchagua gavana, kwa kuwa hakuna mgombea aliyepata zaidi ya nusu ya kura za wananchi. Lilimchagua Lester Maddox kwa kura 182 dhidi ya 66. Maddox alijipatia jina kwa kuwafukuza wateja weusi mlangoni pa mkahawa wake, akiwa na bastola mkononi na mashabiki wake wakiwa na mipini ya mashoka. Ndiye gavana ambaye Bond alianza naye kazi, na ndio wenzake aliokaa nao.

Sehemu iliyofuata ya maisha yake ndiyo iliyomfanya nyota, nami nitaipita haraka. Mwaka 1968 alikwenda kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, Chicago, akiongoza ujumbe wa Georgia ulioupinga ule uliopangwa na watu wa Maddox. Wakapewa nusu ya viti. Jina lake likapendekezwa kwa umakamu wa rais, mtu mweusi wa kwanza kupendekezwa hivyo katika mkutano wa chama hicho. Ikabidi ajiondoe: Katiba inataka miaka 35, yeye alikuwa na 28. Baada ya hapo vyuo vikuu vyote vilimtaka aje kuhutubia.

Na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Miaka ishirini bungeni ni mingi. Wasifu wake unamhesabia miswada zaidi ya 60 aliyoiandika au kuidhamini hadi ikawa sheria, na alikuwa miongoni mwa waliojenga kundi la wajumbe weusi wa Georgia, ambalo leo ni nguvu ya kuhesabika. Lakini wenzake walilalamika, na si maadui tu, kwamba haonekani sana, kwamba yuko safarini akitoa mihadhara, kwamba havutiwi na zile kazi za kamati ambazo ndizo zinazosukuma miswada. Sina sababu ya kudhani walimsingizia wote. Mtu aliyejulikana kote nchini alikuwa amekaa kwenye bunge la siku 40, akiwa mmoja wa wachache, chini ya wakubwa waliokuwa wamepiga kura asiingie. Uvivu? Labda kidogo. Kuchoka? Nadhani zaidi. Hata hivyo mpigakura wa eneo lake alikuwa na haki ya kumtaka awepo, na msiba usitufanye tuifute haki hiyo.

Kuna jambo moja ambalo hakulichoka, nalo ni ramani. Baada ya sensa ya 1980, bunge lilipaswa kuchora upya maeneo ya Congress. Bond, akiwa seneta wa jimbo, alipigania eneo la tano la Atlanta liwe na wakazi weusi wa kutosha kumchagua mtu wanayemtaka. Bunge likapitisha ramani iliyowapa asilimia 57, ambayo kwa idadi ya waliojiandikisha haikutosha. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura wakati huo ilizitaka Georgia na majimbo mengine yenye historia ya ubaguzi kuomba idhini kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi. Shauri likafika mahakama ya Washington mwaka 1982, na mahakama ikakuta ubaguzi wa makusudi, ikiwa ni pamoja na kauli za kibaguzi za mwenyekiti wa kamati ya ramani katika Baraza la Wawakilishi. Georgia ikachora upya: asilimia 65.

Kazi hiyo haikupigwa picha. Ni hesabu, mitaa, mistari juu ya karatasi, ushahidi wa barua na vikao. Kwangu inapita hotuba zake zote, na ajabu ni kwamba haikumnufaisha hata chembe.

Mwaka 1986 kiti cha eneo la tano kikabaki wazi. Ilionekana ni cha Bond. Akajitokeza John Lewis, rafiki yake wa tangu SNCC, mtoto wa mkulima wa Alabama, aliyepasuliwa kichwa na polisi kwenye daraja la Selma mwaka 1965 wakati Bond akipiga simu kwa wahariri. Bond aliongoza duru ya kwanza bila kufikia nusu ya kura. Wakaingia marudio, na urafiki ukavunjika hadharani. Lewis aliwaambia watu wachague boti ya kuvuta mizigo, waache boti ya maonyesho. Kwenye mdahalo alimtaka Bond wakapime mkojo wote wawili kuthibitisha hawatumii dawa za kulevya. Bond alikataa, akisema raia halazimiki kuthibitisha kwamba hana hatia. Lewis akashinda kwa takriban asilimia 52. Wapigakura weusi wengi walikuwa upande wa Bond. Wazungu wa eneo hilo, kwa wingi mkubwa, walimpa Lewis.

Wapo wanaosema ni kejeli ya historia kwamba Bond alichora kiti akakikalia mwingine. Sikubaliani na wanaosimulia hayo kwa kumhurumia. Alikuwa amehangaika ili watu wa Atlanta wapate kuchagua wenyewe, na wakachagua, Wazungu na weusi, mtu aliyekaa katika kiti hicho hadi kifo chake Julai 17, 2020, na hakuna aliyeweza kusema Lewis hakuwawakilisha. Ukiupima uwakilishi kwa faida ya mwakilishi, 1986 ni msiba. Ukiupima kwa faida ya waliowakilishwa, ni mwaka mzuri. Bond hakufurahi, ni mwanadamu. Aliondoka kwenye Seneti, akaenda kufundisha vyuoni, na miaka mingi ikapita kabla ya hao wawili kupatana.

Ile tabia ya kusema ndiyo pale ambapo kujificha kungemfaa aliendelea nayo hadi uzeeni. Mwaka 2006 alikataa kuhudhuria mazishi ya Coretta Scott King, mjane wa King na rafiki yake, kwa sababu yalifanyika katika kanisa ambalo mchungaji wake alikuwa akiwaandama mashoga hadharani. Najua wasomaji wengi wa safu hii hawako naye katika jambo hilo, na baadhi wataona kususia mazishi ni utovu wa adabu usio na kisingizio. Viongozi weusi wengi wa makanisa walimwona hivyo hivyo. Silitaji jambo hilo hapa ili umkubali. Nalitaja kwa sababu mtu aliyenyimwa kiti kwa maoni yasiyopendwa alijua bei ya maoni yasiyopendwa, akailipa tena akiwa na miaka 66, tena mbele ya watu wa upande wake mwenyewe, ambako ndiko inakouma zaidi.

Aliishi kuona sehemu ya kazi yake ikibomolewa. Juni 25, 2013, Mahakama ya Juu, katika shauri la Kaunti ya Shelby, Alabama, ilikifuta kipengele kilichoamua ni majimbo gani lazima yaombe idhini kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi. Ile njia iliyotumika mwaka 1982 kuilazimisha Georgia ichore upya ramani yake haikuwepo tena. Ukisoma tanzia zinazomsifu bila kutaja jambo hili, unajua mwandishi alimheshimu mtu akasahau kazi.

Mazishi yake mwenyewe aliyataka mepesi. Majivu yake yalimwagwa katika Ghuba ya Mexico, na familia ikawaomba watu, saa hiyo hiyo, Agosti 22, waende popote penye maji karibu nao wamwage petali za maua. Alikuwa ameshapanga maneno ya kuandikwa kwenye benchi lake la kumbukumbu: upande mmoja kwamba alikuwa mtu aliyesimama na watu wa rangi yake, upande wa pili kwamba alikuwa mwepesi wa kucheka.

Hukumu ya 1966 imebaki, lakini imebaki na pengo. Inalizuia bunge kumkatalia kiapo mjumbe mteule kwa sababu ya maoni yake. Kumfukuza aliyekwisha kuapishwa, kwa kosa linaloitwa la nidhamu, ni mlango mwingine. Machi 27, 2023, watoto watatu na watu wazima watatu waliuawa kwa risasi katika shule moja Nashville, mji aliozaliwa Bond. Siku tatu baadaye wajumbe watatu wa Tennessee walisimama mbele ya ukumbi na kipaza sauti wakidai sheria ya silaha. Aprili 6 vijana wawili weusi, Justin Jones na Justin Pearson, walifukuzwa. Mwenzao, Gloria Johnson, mwanamke Mzungu, alinusurika kwa kura moja.

Safari hii hakuna aliyewahoji kuhusu kiapo wala imani zao. Walio wengi bungeni walijifunza: waliandika kwenye azimio kwamba kosa ni kuvuruga kikao, na maneno yenyewe hawakuyagusa. Baraza la jiji la Nashville lilimrudisha Jones Aprili 10, makamishna wa Kaunti ya Shelby ya huko Memphis wakamrudisha Pearson Aprili 12, na Agosti 3 wote wawili walishinda uchaguzi maalumu. Katiba ya Tennessee inakataza mjumbe kufukuzwa mara ya pili kwa kosa lile lile. Kanuni za jinsi ya kuzungumza ukumbini, hata hivyo, walio wengi bungeni wanaweza kuziandika upya kila kikao kipya kinapoanza.